Radhi ya Bure

Mwezi uliopita nilikuwa Mpendae, nyumbani kwa Subira, kwenye hitma ya mama yake. Kisomo kilikwisha, dua ikaombwa, masinia yakapita, na sisi wanawake tukawa tumejibana ukumbini magoti kwa magoti, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya mchaichai. Upande wa dirishani alikaa wifi wa marehemu, bibi mwenye sauti nzuri ya kusomea maulidi, naye akawa anamhadithia jirani yake kwa ile sauti ya chini iliyopimwa isikike chumba kizima. "Maskini Mize. Akili alikuwa nazo, lakini si unajua, skuli walimtoa. Kuna alilolitenda." Jirani akauliza, "Lipi tena?" "Mie siwezi kusema, na mtu keshatangulia mbele ya haki. Lakini wangelitaka radhi kwa barua kama hapakuwa na kitu?" Akamega kitumbua, akatafuna. Changu nilikirudisha sahanini. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, nimezoea kumngoja mtu amalize kukosea ndipo nimsahihishe kwa upole, lakini siku ile chai ilinimwagikia kangani. Barua ile naijua. Niliiandika mimi.

Nitaeleza polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasani, na anayesoma asione haya kurudi nyuma pale asipofahamu. Hasira yangu inaweza kungoja. Imeshangoja zaidi ya nusu karne.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na mimi na Mize tulikuwa darasa la mwisho katika skuli ya wasichana mjini. Chumba ninachokikumbuka zaidi si darasa letu, ni kile chumba cha mabuibui. Asubuhi tulipofika tulivua mabuibui na kuyatundika kwenye vigingi vya mbao, safu mbili, na chumba kikawa cheusi kama ndani ya chungu, kina harufu ya udi, mafuta ya nazi na vumbi la vichochoroni. Buibui la Mize lilikuwa na harufu yake peke yake, ya makumbi. Kwao Jambiani wanawake huyafukia makumbi ya nazi pwani miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda wapate nyuzi za kusokota kamba, na harufu ile, ufue utakavyofua, haitoki. Wasichana wa mjini walimkejeli. "Mize, leo umekuja na pwani?" Naye huwajibu, "Nimekuja nayo. Kesho ntakuja na bahari, jifunzeni kuogelea." Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na kwa Kiingereza tulikuwa tukipokezana, muhula huu mimi, muhula ule yeye. Na alikuwa na jambo ambalo sisi wengine hatukuwa nalo. Sisi tulitaka kuwa walimu kwa sababu ualimu ulikuwa kazi ya heshima. Yeye alingojwa. Kijijini kwao wazazi hawakutaka watoto wao wa kike wasomeshwe na mwanamume, na wazee walikuwa wamekubaliana kuwa siku Mize atakaporudi na cheti chake, siku hiyo watawatoa waende skuli. Alikuwa na majina yao kichwani. Wakati mwingine, tukila mihogo yetu ya kuchoma saa ya mapumziko, alikuwa akinitajia nani atakaa mbele kwa kuwa macho yake mabovu, na nani atakaa mbali na nani kwa kuwa wakikaa pamoja ni vicheko tu.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwingereza, mrefu, msafi, asiyepandisha sauti. Kisirisiri tulimwita Bi Penseli, kwa ile penseli nyekundu aliyokuwa akiichomeka kwenye kishungi cha nywele zake. Yeye ndiye aliyetufundisha Kiingereza, na sitamnyima haki yake, alifundisha vizuri. Siku moja aliandika ubaoni neno arbitrary, akalizungushia duara, akatutaka tulitafutie jamaa zake. Neno hilo nimelifundisha mara nyingi tangu hapo, basi na nilieleze hapa. Ni uamuzi ambao nyuma yake hapana kitu ila matakwa ya aliyeamua. Ukiugonga unasikia utupu. Jamaa yake mmoja ni capricious, neno la mtu anayepinduka kama tiara iliyokatika uzi: jana alipenda, leo hapendi, na wewe uliye chini unabaki kukimbizana na upepo wake. Mwingine ni high-handed, la mtu anayekuamulia lililo lako bila ya kukuuliza, kana kwamba hukuwapo chumbani. Yupo peremptory, la amri inayokuja na mlango wake umeshafungwa, huna pa kuulizia kwa nini. Na juu yao wote despotic, la mtawala aliyeyafanya yote hayo kuwa ndiyo tabia yake. Nasi tuna yetu, ujeuri, ubabe, kibri, na lile la mtaani la "kujifanyia tu", lakini yetu humtazama zaidi mtu na moyo wake. Yale yao yanautazama uamuzi wenyewe, yanaupekua kama karani wa forodha anavyopekua sanduku la msafiri. Niliyapenda siku ileile. Nilidhani mtu akiwa na maneno kama yale hawezi kudhulumiwa.

Bi Penseli alitupa mifano ya wafalme wa kale wa nchi za mbali, mmoja alimfukuza mpishi wake mjini kwa kuwa supu ilipoa. Tukacheka. Mize akanyoosha mkono. "Bibi, na kama anayeamua cheo ni chake kwa haki, lakini sababu hasemi, neno lake ni lipi?" Bi Penseli akatabasamu. "Hapo, Mize, neno lake ni uongozi." Darasa likacheka tena, na mimi nikiwemo. Mize alikaa, akaliandika na hilo daftarini mwake, chini ya yale mengine.

Baada ya mtihani orodha ya waliochaguliwa kuingia darasa la ualimu ilibandikwa mkabala na chumba cha mabuibui. Majina kumi na mawili yaliyopigwa taipu. La Mize lilikuwa la tatu, langu la tisa. Siku ile tulirudi nyumbani tumeshikana mikono chini ya mabuibui, na Mize akatumia salamu Jambiani kwa dereva wa gari ya shamba. Asubuhi ya pili mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya jina lake. Mmoja, umenyooka, umepigwa kwa rula. Pembeni hapana neno. Mize aliuwekea kidole mwanzo akaufuata mpaka mwisho wake, kama anayetafuta pahala ulipofunguka, kisha akaenda ofisini. Alirudi kabla sijamaliza kutundika buibui langu.

"Kasemaje?"

"Kasema kama nimeiona orodha. Nkamwambia nimeiona. Kasema, basi, hiyo ndiyo orodha."

"Na sababu?"

"Wewe hujasikia? Nshakwambia yote aliyoyasema."

Nitasema sasa jambo ambalo wakati ule sikulijua, na ambalo ningependa kila mwenye kushika kalamu ya kuamulia watu alijue. Ukimhukumu mtu kwa kosa, hata likiwa kosa la uongo, umempa kitu cha kukikana. Ukimhukumu bila ya kosa umechimba shimo mbele ya mlango wake, na kila mpita njia atalijaza kwa udongo aliokuja nao. Binadamu hawezi kukaa na jambo lisilo na sababu. Litamkera mpaka aitunge. Haikupita wiki, mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa, walikuwa wakisema Mize ameonekana na dereva wa gari ya shamba. Kwa nini basi amtumie salamu? Wengine wakasema mtihani ameiba. Mwanamke mmoja, aliyekuwa na binti skuli, alimtazama Mize tumboni huku akimwamkia, na macho yake hayakutoka pale hata Mize alipokwisha kumjibu. Hata mimi nimejitungia yangu. Miaka mingi nimeamini kuwa ni lile swali alilouliza darasani. Lakini simjui hivyo Bi Penseli, na hakusema, na sasa siwezi tena kumuuliza. Huenda aliamka tu siku ile na kichwa kinamuuma. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Chuki ningeifahamu. Mstari ule ulikuwa mwepesi mno.

Mjini Mize alikuwa akikaa Mkunazini kwa ami yake, Bwana Makame, seremala wa masanduku, mtu aliyeinama kazini mpaka akazoea kutembea ameinama. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake. Ili ule kwao ulipita baina ya masanduku yasiyo na vifuniko, na takataka za randa zikakufuata miguuni mpaka kwenye mkeka. Nilikwenda alasiri moja na barua niliyoiandika kwa siku mbili. Mkewe, Bi Mwatima, alikuwa amepika mihogo ya nazi na papa, na hakutaka kusikia habari ya barua mpaka sahani zitoke. Kisha nikaisoma, sentensi kwa sentensi, Kiingereza kwanza na Kiswahili baadaye. Maneno yote matano niliyapanga humo kama askari, na arbitrary mbele yao. Niliandika kuwa tunaomba kuelezwa sababu, na kama sababu haipo, basi mstari ufutwe. Nilipomaliza Bi Mwatima alijishika kifua.

"Ee mwanangu! Hii barua au shoka?"

"Maneno ya kweli haya," alisema Bwana Makame. "Lakini sie wadogo mbele ya mlango ule. Mdogo hutanguliza radhi, kisha ndo anasema lake. Anza na radhi, mwanangu. Sema tunataka radhi kwa lolote lililomuudhi, naye atamsamehe mtoto."

Mize alikuwa anakusanya sahani. Aliziweka chini. "Radhi ya nini, ami? Mie nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ndo maana haikugharimu kitu."

"Mie kila Iddi namtaka radhi mama mkwe," alisema Bi Mwatima, "na Mungu anajua nani mkosa baina yetu." Tukacheka sote, hata Mize, na kicheko kile ndicho kilichoamua.

Kwa asiyekulia kwetu nieleze. Kwetu radhi si lazima iwe kukiri kosa. Ni kama hodi. Unaibisha mlangoni ili mkubwa aone umekuja kwa heshima. Naye, kwa adabu, hawezi kukuacha nje, husema nimekuwia radhi, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Bwana Makame hakuwa mjinga wala mwoga. Alitumia ufunguo uliofungua kila mlango alioujua maishani mwake. Aliyepaswa kumwambia kuwa mlango ule una kitasa kingine ni mimi, niliyesoma Kiingereza miaka kumi, niliyejua kwamba kule ukisema unaomba kusamehewa utaulizwa, kwa lipi? Sikumwambia. Nimejisingizia mengi juu ya hilo, heshima kwa wazee, ujana, lakini ukweli ni kuwa nilikuwa wa tisa kwenye orodha, na barua laini ilinifaa na mimi. Mize alinisindikiza mpaka mlangoni, akashika fremu ya mlango. "Andika wanavyotaka, shoga. Lakini lile neno la kwanza lisitoke."

"Halitoki," nilimwambia.

Lilitoka. Nilikaa na kalamu, nikalisoma na lile la radhi pamoja, nikaona haviendi katika karatasi moja. Nikalikata.

Barua ilipofika skuli tuliitwa ofisini siku ya pili yake, Bwana Makame, Mize, na mimi niliyeandika, niwe mkalimani. Ofisi ilikuwa na feni ya dari inayolia kama mtoto mwenye mafua, na meza pana ambayo juu yake palikuwa na barua yangu tu na ile penseli. Bwana Makame alikuwa amevaa kanzu yake ya Iddi. Alisema, "Shikamoo, Bibi," ijapokuwa alimzidi umri, na Bi Penseli, ambaye Kiswahili alikijua zaidi ya alivyopenda kuonyesha, hakumwitikia. Aliniambia nimuulize kama barua ile ni yao. "Ni yetu," alisema Bwana Makame, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu kwake hapo hodi ilikuwa imeshasikika. Bi Penseli akaunyanyua ule ukurasa. "Basi familia imekiri kosa, na imeomba msamaha. Nimefurahi. Hakuna haja ya kuendelea. Msamaha wao nimeupokea, na uamuzi unabaki pale pale."

Nilifasiri. Nilitafuta namna ya kuyasema yasisikike vile, haikuwapo. Tabasamu la Bwana Makame halikutoka mara moja, lilitoka kidogo kidogo, kama maji yanavyonywewa na mchanga. "Tumekiri nini?" akaniuliza. "Muulize, mwanangu. Tumekiri kosa gani?" Mize akafungua kinywa. "Bibi," akaanza, na Bi Penseli akainyanyua penseli, basi, hakufanya zaidi ya hivyo. Akanitazama mimi. "Mzee anasema nini?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nayo kwa tafsiri zake na mifano yake, mpaka na mpishi wa mfalme. Nilisema, kwa Kiingereza safi, "Anashukuru, Bibi."

Mize alisikia. Kiingereza chake kilikuwa sawa na changu. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anavyotazama orodha aliyokwisha kuisoma. Na tulipokuwa tukitoka Bi Penseli akaniita, akaniambia barua ile imeandikwa vizuri sana, kuwa Kiingereza changu kimepiga hatua. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu kila hasira yangu juu yake inapotaka kupoa, naikumbuka sifa ile, na inarudi moto.

Mize aliondoka na gari ya shamba mwisho wa wiki. Barua haikukaa ofisini; maneno yake yalitoka, sijui kwa mlango gani, na mferejini wakapata walichokosa. Kumbe walitaka radhi wenyewe! Basi lipo. Jambiani mwalimu wa kike alipatikana baada ya miaka mingi, na wale watoto ambao Mize alikuwa ameshawapangia pa kukaa walikuwa wameolewa wote, pamoja na yule wa macho mabovu. Mize naye alisokota kamba, akaolewa, akafiwa, na uzeeni Subira akamleta kukaa naye Mpendae. Nilikuwa nikimtembelea. Alinitania, "Karibu, Bi Mwalimu, umekuja kunisahihisha?" Siku ile ya ofisini hatukuitaja hata mara moja, na nilikuwa nikijidanganya kuwa amesahau. Mimi nilifika kuwa mwalimu mkuu. Nilijiwekea sharti moja tu: silikati jina la mtoto mpaka nimeandika sababu pembeni yake, na mzazi ameitwa akaisoma. Nawaambieni, walimu vijana, jaribuni. Ziko sababu ambazo nilipokwisha kuziandika niliona haya kuzisoma mwenyewe, nikaufuta mstari. Lakini hilo halikumrudishia Mize chochote, na sitaki mtu alihesabu kuwa ni malipo.

Basi pale Mpendae niliweka kikombe chini, nikasema kwa sauti ya darasani, "Bibi, hilo ulilolisema si kweli." Subira alikuwa mlangoni na birika la chai. Nikaeleza yote, mstari, barua, neno nililolikata, swali la Bwana Makame ambalo sikulifasiri. Wifi yake Mize alijifuta midomo kwa pembe ya kanga, akawa anatazama mkeka.

Subira akauliza, "Basi sababu ilikuwa nini?"

"Hapakuwa na sababu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliliweka birika juu ya meza, taratibu. "Yeye alikuwa akiniambia hivyo hivyo," alisema. "Nami sikumwamini. Nkimwambia, mama, lazima kuna kitu."

Nikanyanyuka, kwa tabu, maana magoti siku hizi hayanitii, nikamwendea mbele ya wanawake wote. Nikamwambia, "Subira, mama yako hakuwa na la kutakia radhi. Mimi ninalo. Nakutaka radhi." Kila aliyekuwapo pale alijua jibu lake, kwetu mtoto mdogo analijua. Nilimwona wifi yake Mize akimpa ishara kwa nyusi, haya, sema, mwie radhi bibi wa watu.

Subira akalichukua birika lake, akawaendea waliokuwa hawajapata chai.

Mpaka leo hajanijibu. Simharakishi. Katika ukoo ule radhi ilikwishatolewa bure mara moja.